Dala wapo, daladala hakuna: majibu yangu kwa mlioniuliza kuhusu Lindsborg

Tangu niweke ile picha niliyopiga na farasi mwekundu, simu yangu haijapumzika. Binti wa shangazi anauliza hapo ni Marekani au Uswidi, maana kibao nyuma yangu kimeandikwa Välkommen, yaani karibu kwa Kiswidi. Mdogo wangu wa mwisho anauliza yeye anakuja lini. Na Baba mdogo, shikamoo Baba, ameuliza mbele ya kundi zima la ukoo imekuwaje mtu yuko Amerika mwaka wa sita na nyumba yake pale kwetu Kiomboi, mkoani Singida, haijapauliwa. Nimeona nijibu mara moja, kwa wote, bila kuremba.

Ni Marekani. Jimbo la Kansas, katikati kabisa ya nchi, mbali na bahari zote. Mji unaitwa Lindsborg na watu wake hawafiki 4,000. Ulianzishwa mwaka 1869 na Waswidi, kundi la Walutheri kutoka Värmland waliokuja na mchungaji wao, Olof Olsson. Kwao mazao yalikuwa yameharibika miaka ya 1867 na 1868, watu wakafika kuchanganya unga na magome ya miti. Marekani nayo ilikuwa na sheria ya 1862 iliyompa mtu ekari 160, mradi aishi juu yake na ailime miaka mitano. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe, Wakansa, kabila la wenyeji wa asili, ambao jimbo limebaki na jina lao. Wao walihamishiwa Oklahoma mwaka 1873. Habari za Waswidi nimesimuliwa na karibu kila mtu hapa. Hizi za Wakansa ilibidi nizitafute mwenyewe.

Yule farasi asili yake ni kichezeo cha watoto kilichochongwa kwa mbao, kutoka Dalarna huko Uswidi. Hapa ndiye nembo ya mji. Wamewekwa wakubwa, wenye kimo cha ndama, kando ya barabara, kila mmoja amepakwa rangi zake. Wanaitwa farasi wa Dala. Sasa chekeni: Dala wapo kila kona, daladala hakuna hata moja. Hakuna bodaboda, hakuna bajaji, hakuna konda wa kukuita dada. Miezi minne ya mwanzo sikuwa na gari. Zamu yangu ilikuwa inaisha saa tano usiku, na asipopatikana wa kunipa lifti, natembea dakika arobaini kwenye upepo ambao hauna hata kichaka cha kuuzuia. Kansas ni tambarare na Januari maji yanaganda kwenye ndoo. Kwa hiyo mkiniona na gari msinihesabie utajiri. Huku gari ni viatu.

Kazi yangu? Nabeba boksi, kama mnavyosema, ila boksi zangu ni wazee. Nawaogesha, nawavalisha, nawageuza kitandani, nawalisha. Cheti changu cha ualimu kiko ndani ya sanduku, hakuna aliyewahi kukiuliza. Wazee wengi ni watu wema kabisa. Mmoja, wiki yangu ya kwanza, alisema kwa sauti kwamba hataki mimi nimguse, na akataja sababu. Nilikwenda stoo nikakunja mataulo mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Nikahamishiwa upande mwingine wa jengo, na jambo lile halikuzungumzwa tena, siku ile wala baada yake. Huku ndivyo. Hawagombani. Kukiwa na jambo zito, wanakuuliza habari za hali ya hewa.

Pesa sasa, maana najua ndipo mlipotega masikio. Nalipwa dola 17 kwa saa. Wakishakata kodi na bima ya afya, nabaki na kama dola 2,400 kwa mwezi. Mkishaanza kuzizidisha kwa shilingi mnaona ghorofa. Mimi sizizidishi, kwa sababu sizitumii Kiomboi. Kodi ya nyumba 800. Mkopo wa gari, bima yake na mafuta, 570. Chakula 350, na hapo unga wa ugali mweupe naufuata Wichita, kilomita kama 110, mara moja kwa mwezi. Umeme, gesi ya kupasha nyumba joto na simu, 210. Inabaki 470, na hapo sijaumwa jino. Humo ndimo mnamotoka ada za watoto wa kaka, dawa za Mama na yale mabati.

Ilinichukua muda kusema haya, na nitawaambia kilichonisukuma. Kuna bibi mmoja ninayemhudumia, ana miaka tisini na kitu. Alinisimulia kwamba baba wa baba yake alipofika hapa hakujenga nyumba, alichimba shimo kwenye ubavu wa kilima akaingia humo na mke na watoto. Lipo moja la namna hiyo limehifadhiwa karibu na mji, nikaenda kulitazama siku ya mapumziko. Jamani, ni tembe! Kuta za udongo, paa la chini, unainama kuingia, giza na ubaridi ule ule wa kwa babu. Nilisimama mle nikacheka peke yangu. Mwaka 1874 nzige wakaja Kansas wakala kila kibichi mpaka vipini vya majembe wakavitafuna. Ila huyo babu, anasema bibi, aliandika nyumbani Uswidi kwamba ana nyumba na shamba kubwa, na mdogo wake akauza kila kitu akamfuata. Mdogo mtu alipoona shimo, hawakusemeshana majira yote ya baridi.

Waswidi wana neno lao kabisa kwa barua za namna hiyo, maana zilitumwa nyingi: amerikabrev, barua za Amerika. Zaidi ya watu milioni moja waliihama nchi ile, na barua zilichangia. Nikaikumbuka picha yangu na farasi. Lile koti nimeazima. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, macho yamevimba, ndiyo maana nimevaa miwani ya jua.

Wengine mmeandika: si Walutheri wenzetu hao, washindwe kutualika? Undugu upo kweli, siukatai. Wamisionari waliofanya kazi kwetu Iramba tangu miaka ya 1920, wakaanzisha hospitali ya Kiomboi, walitumwa na Augustana, kanisa la Waswidi wa Marekani, na chuo cha hapa Lindsborg, Bethany, kilichoanza mwaka 1881, kilikuwa cha kanisa hilo hilo. Bibi yangu yule yule aliposikia ninakotoka alitamka “Iramba” kabla sijamweleza iko wapi. Utotoni alikuwa akitia senti kwenye kisanduku cha misheni. Nililia, siwafichi. Lakini barua ya kanisa si kibali cha kazi, na konsuli hamuulizi mtu alibatizwa wapi. Mimi nilipita kwenye bahati nasibu ya viza, ambayo kompyuta ndiyo iliyokuwa ikichagua. Wakala anayewaambia ana mtu wake ndani, mpeni maji ya kunywa aende zake.

Mnaniuliza basi kwa nini nisirudi. Kwanza ada za watoto. Pili, niseme ukweli, kwaya. Hapa wanaimba “Messiah” ya Händel, ule utungo mkubwa wa kwaya, wakati wa Pasaka, desturi iliyoanza mwaka 1882. Walianza wakulima, wengine wakiishi bado kwenye nyumba za udongo, Kiingereza chenyewe hawajakimudu. Leo ni mamia ya watu: mwenye trekta, daktari, fundi bomba, wanafunzi wa chuo, na Mnyiramba mmoja safu ya tatu upande wa alto. Mazoezi ya mwanzo yaliniumbua. Wao wanasoma nota za mistari, mimi nimekulia do-re-mi za ubaoni. Mama mmoja aliyekaa kushoto kwangu akawa ananigusa kiwiko kila tunapotakiwa kuingia. Mwaka mzima wa kwanza niliimba kwa kiwiko. Tulipofika kwenye ile Haleluya, ambayo kwetu tunaiimba bila kinanda na bila karatasi, akageuka akaniangalia, kisha akaanza yeye kunifuata mimi. Tangu siku hiyo nina mtu wa kunipigia simu king'ora cha kimbunga kikilia, aniulize kama nimeshuka chumba cha chini ya nyumba. Ni mmoja tu. Miaka sita, mmoja. Lakini yupo.

Na Agosti, nje ya mji, kuna mashamba ya alizeti. Kansas inajiita jimbo la alizeti, kama Singida tu, ingawa hapa Lindsborg ngano ndiyo nyingi zaidi. Huwa nasimamisha gari pembeni nakaa tu. Wapita njia wanasimama kuniuliza kama nimeharibikiwa.

Mdogo wangu, ukitaka kuja kusoma, tuanze na swali la nani atalipa ada, maana vyuo vidogo kama hiki cha Bethany vinawachukua wengi kwa michezo, na wewe mpira uliuacha darasa la sita. Na ujifunze kuendesha gari huko huko kwanza. Binti wa shangazi, mwanangu wee, hapa hapana saluni ya kusuka. Nywele zangu ni za wigi, mniwie radhi kwa sifa mlizozimwaga kwenye picha.

Baba mdogo, fundi alisema mabati arobaini. Mwezi wa tatu natuma pesa ya mabati kumi na mawili, tuanzie upande wa jikoni.