Kabla ya kwenda kwenye rufaa ya PIP, mjue anayekaa katikati

Wengi ninaowasindikiza kwenye rufaa za PIP, yale malipo ya serikali kwa wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu hapa Uingereza, huingia chumbani wakidhani wanakwenda kukutana na watu walewale waliowanyima. Wanaongea kwa woga, wanajibu kwa mkato, na yale yaliyowafanya wakate rufaa yanabaki moyoni. Ndiyo maana kabla hatujagusa fomu wala barua za daktari, huwa namweleza mtu kwanza ni nani aliyemweka yule anayekaa katikati.

Yule ni jaji, na hakuwekwa na Idara ya Kazi na Pensheni inayolipa PIP. Anapita kwenye mchujo wa Tume ya Uteuzi wa Majaji, iliyoanza kazi mwaka 2006, kwa ushindani unaotangazwa hadharani. Lazima awe mwanasheria mwenye sifa na uzoefu wa sheria usiopungua miaka 5, na huapa kutenda haki bila woga wala upendeleo. Pembeni yake wanakaa daktari na mjumbe anayeujua ulemavu kwa kuishi nao au kwa kufanya kazi na wenye nao. Idara ni upande mmoja wa shauri, wewe ni upande wa pili, basi.

Haikuwa hivi tangu zamani. Mwaka 1957 kamati ya serikali chini ya Sir Oliver Franks ilitaka mabaraza haya yanayosikiliza rufaa (tribunals) yawe wazi, yatende haki na yasiegemee upande, na wenyeviti wake kwa kawaida wawe watu wa sheria. Mwaka 2001 jaji mstaafu Sir Andrew Leggatt akapendekeza yaondolewe mikononi mwa wizara ambazo maamuzi yake ndiyo yanayolalamikiwa. Sheria ya mwaka 2007 ikaunda mfumo mpya. Nayasema haya kwa sababu wengi wetu tumekulia mahali ambapo mkubwa humlinda mkubwa mwenzake, na hofu hiyo tumesafiri nayo.

Kuna swali naulizwa sana: kama suala ni ugonjwa, si angetosha daktari peke yake? Hatoshi, kwa sababu PIP hailipwi kwa jina la ugonjwa. Inalipwa kwa pointi, katika shughuli 10 za maisha ya kila siku na 2 za kutembea. Pointi 8 zinakupa kiwango cha kawaida, 12 kile cha juu. Na kisheria, kuweza kufanya jambo ni kulifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachoridhisha, kila linapohitajika, bila kuchukua muda mrefu kupita kiasi. Kwa kawaida huangaliwa hali unayokuwa nayo katika zaidi ya nusu ya siku zako zote, nzuri na mbaya. Daktari analijua goti. Jaji ndiye anayehakikisha goti hilo linapimwa kwa kipimo hicho.

Nimeliona hili kwa macho. Mama mmoja mwenye ugonjwa wa viungo vya mikono aliulizwa na daktari kama anapika. Akajibu haraka, "Napika, mwanangu." Ingeweza kuishia hapo. Jaji akaweka kalamu chini akamuuliza: siku ngapi kwa wiki? Nani anainua sufuria? Ukishapika, usiku mikono inakuwaje? Hapo ndipo maneno yakatoka. Binti yake ndiye anayesonga ugali, yeye hukaa kwenye kiti akielekeza. Mara ya mwisho aliposhika sufuria ya maji ya moto ilimponyoka, na kovu liko mguuni. Mama wa watu hakutaka kuonekana ameshindwa na jiko lake mwenyewe.

Kwa hiyo ukiulizwa hali, usikimbilie "namshukuru Mungu, sijambo". Mshukuru Mungu, kisha mweleze jaji siku mbaya zikoje, zinakuja mara ngapi, na ni nani anayekushika mkono. Mambo ya choo na kuoga yaseme pia, hata kama yanatia aibu. Ikiwa huwezi kuyasema mbele ya mwanao, mwombe asubiri nje.

Mkalimani mwombe mapema kwenye fomu ya rufaa, ni bure. Andika na unakotoka, maana Kiswahili cha Bukavu na cha Mombasa vinaweza kupishana pale mtu anapoeleza maumivu. Mkiwa hamwelewani, mwambie jaji palepale. Ana mamlaka ya kuahirisha shauri, na ni heri kurudi siku nyingine kuliko kuhukumiwa kwa maneno ambayo hukuyasema.

Baraza linaangalia ulivyokuwa siku ile Idara ilipofanya uamuzi, si ulivyo leo, kwa hiyo barua ya daktari izungumzie kipindi hicho. Pia lina uwezo wa kupunguza ulichokwisha kupewa. Jaji akikuonya kuhusu hilo hakutishi, anakulinda. Omba muda ufikirie.

Na hatua zenyewe ni hizi: kwanza unaiomba Idara iuangalie upya uamuzi wake, ndani ya mwezi 1. Ikikataa, una mwezi 1 mwingine wa kukata rufaa, bila ada yoyote. Ukishindwa, omba sababu za uamuzi kwa maandishi, nalo ndani ya mwezi 1, kwani ngazi ya juu husikiliza makosa ya kisheria tu, na huwezi kuyaonyesha bila karatasi hiyo. Naongelea England na Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao.

Na ninyi wanasheria wetu mlioko huku, nafasi hizi za kukaa kwenye mabaraza ziangalieni kwa uzito. Majaji wengi wa mabaraza haya hulipwa kwa siku wanazokaa, wakiendelea na kazi zao za uwakili. Mjumbe wa ulemavu hata hahitaji kuwa mwanasheria: aliyeishi na ulemavu, au aliyewahudumia wenye ulemavu kikazi, anaweza kuomba. Matangazo hutoka kwenye tovuti ya Tume na muda wa kuomba huwa mfupi, kwa hiyo jiandikisheni kupata taarifa, na anzeni sasa kukusanya mifano ya kazi zenu, maana hiyo ndiyo wanayoiuliza.