Barua kwa Mwanangu: Karatasi ya Mtihani Kwanza

Leicester, Agosti

Mwanangu Mwanaidi,

Hujambo, na Glasgow hamjambo? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Matokeo ya GCSE ya mdogo wako Zuhura umeshayasikia: 7 katika lugha ya Kiingereza, 6 katika fasihi, na ya juu kabisa ni 9. Usajili chuoni ni Jumatano ijayo. Umeniuliza kati ya Lugha ya Kiingereza na Fasihi ya Kiingereza, kwenye A-level, ile miaka miwili ya kabla ya chuo kikuu, ni ipi rahisi kupata A. Najua swali si lako. Ni la Zuhura, ambaye tunalala nyumba moja lakini kuniuliza mwenyewe hathubutu.

La urahisi siliwezi. Naweza kukwambia mtoto atashika nini mkononi kila wiki kwa miaka miwili, na hilo ndilo la kuangalia. Nililisema darasani miaka yote, na wewe nilikwambia: karatasi ya mtihani kwanza, kipeperushi cha chuo baadaye. Kipeperushi kina picha za vijana wanaocheka bustanini. Karatasi ya mtihani ndiyo kozi yenyewe.

Basi aanze hapo. Chuo chake kinafuata bodi ya mitihani ya AQA. Msimbo wa Lugha ni 7702, wa Fasihi ni 7712. Asikosee akapakua 7717, hiyo ni Fasihi B ya bodi hiyohiyo na vitabu vyake vingine kabisa. Mitihani ya nyuma iko bure kwenye tovuti ya bodi. Achapishe mmoja wa kila kozi, achague swali moja kila upande, aweke saa mbele yake, aandike dakika 45 bila kuuliza mtu. Asijali anaandika vizuri au vibaya. Aangalie tu ni lipi lililomfanya asitazame saa.

Kwenye Lugha atakuta hivi. Karatasi mbili, kila moja saa mbili na nusu na alama 100. Ya kwanza inampa matini mbili za mada moja, moja ya siku hizi na nyingine ya zamani, achambue jinsi maneno, sentensi na mpangilio vinavyojenga maana, kisha azilinganishe. Hapo alama 70. Zilizobaki 30 ni insha juu ya watoto wanavyojifunza kusema, kusoma na kuandika. Unamkumbuka Zuhura na «goed» yake badala ya «went», nasi tukimsahihisha kila siku? Hilo lina jina lake, mtoto amegundua kanuni akaipeleka hata isipofika. Mtafiti wa lugha ya watoto, Jean Berko, alilionyesha mwaka 1958 kwa kuwachorea watoto kiumbe cha kubuni kiitwacho wug na kuwauliza wakiwa wawili wataitwaje. Karatasi ya pili ni ya Kiingereza kinavyotofautiana kati ya watu na kinavyobadilika karne kwa karne, na humo kuna alama 30 za kuandika makala ya maoni kama ya gazetini.

Wanaoingia Lugha wakidhani wameikimbia kazi ya kusoma hukwama kufikia Novemba. Istilahi ni nyingi: mofimu, yaani kipande cha neno chenye maana, kishazi tegemezi, pragmatiki, yaani maana inayotokana na muktadha. Waingereza wenyewe wengi hawakufundishwa sarufi hiyo sawasawa. Ninyi mliokua mkisikia mtu, watu, utu, jitu mna masikio yaliyozoea neno kuvunjwa vipande. Lakini kosa linaloua alama ni kutaja tu: hapa pana kivumishi, hapa pana kielezi, basi. Mtahini anataka kujua kivumishi hicho kinamfanyia nini msomaji.

Fasihi ni jambo jingine. Kwa sheria ya kozi lazima asome angalau matini nane, tatu kati yake za kabla ya 1900, mojawapo ya Shakespeare, na angalau moja iliyotoka baada ya 2000. Mtihani wa kwanza huchukua saa tatu, mada ni mapenzi katika vipindi mbalimbali, na Shakespeare hujibiwa bila kitabu mezani ingawa dondoo wanachapishiwa. Kwa hiyo ni kusoma tamthilia mara tatu nne hadi iingie mwilini. Kosa la huku ni kusimulia hadithi. Anayeandika kurasa tatu za yaliyompata Desdemona katika Othello ya Shakespeare hapati kitu. Anayechukua mistari sita akaonyesha kwa nini Othello anaanza kusema vipandevipande ndiye anayepanda. Na lazima aonyeshe kwamba kitabu kinaweza kusomwa kwa njia zaidi ya moja, ambayo ni shida kwa mtoto anayependa kuambiwa jibu ni lipi.

Ya mseto, Lugha na Fasihi kwa pamoja, chuo chake hakina, kwa hiyo naiacha.

Kozi zote mbili zina mradi wenye asilimia 20 ya alama zote. Kwenye Fasihi ni insha ya maneno 2,500 ikilinganisha vitabu viwili, kimoja cha kabla ya 1900. Kwenye Lugha ni uchunguzi wa maneno 2,000 mbali na data, pamoja na andiko la kubuni la maneno 750 na maelezo yake 750. Na nikifika hapa, mwanangu, mkono unasita.

Ninyi mlikuwa kundi la kwanza la kozi hizi mpya, mlioanza Septemba 2015 mkatahiniwa 2017. Kwa uchunguzi wako wa Lugha ulimrekodi Bibi na shangazi yako jikoni wakikanda unga wa maandazi, dakika 40, simu umeificha nyuma ya kopo la sukari. Ulitaka mazungumzo ya kweli, na uliyapata. Bibi alikuwa anasimulia safari yake kutoka Pangani hadi Tanga, na mahali alipolala njiani. Mwalimu wako akasema hukuomba ruhusa, data haifai, ifute. Ukaifuta usiku uleule.

Mara nyingi nimebishana naye kimoyomoyo. Angeweza kukwambia uende kwa Bibi, umwombe ruhusa hata baada ya kurekodi, akikataa ndipo ufute. Halafu najijibu kwamba sauti ya mtu ni ya mtu, na mwanafunzi anayezoea kurekodi kwa siri atakuja kumrekodi mgonjwa kwa siri. Alikuwa sahihi. Lakini Bibi alitutoka 2019, na ile safari ya Pangani hakuirudia.

Ulivyorekodi mara ya pili ndivyo Zuhura atakavyofanya akichagua Lugha: ruhusa kwa maandishi kabla, majina yabadilishwe, na dakika kumi za mwanzo zitupwe. Unakumbuka Bibi alivyoijua simu iko mezani akaongea kama anasoma taarifa ya habari, hadi mafuta yalipowaka moto kupita kiasi akasahau kabisa? Uliandika neno kwa neno dakika tano tu, na zilikula jioni zako mbili, kila kimya na kila neno lililokatwa. Ukahesabu Kiingereza kinaingia wapi: kwa Bibi kilikuja kwenye mambo ya hospitali na barua za halmashauri, kwa shangazi kilikuja akikasirika. Uzuri wa uchunguzi ule ulikuwa udogo wake. Wanaoharibu huchagua «lugha ya mitandao» yote, wakaishia kusema kila kitu juujuu.

Kuhusu vyuo vikuu, maana najua utauliza. Oxford na Cambridge, kwa shahada ya Kiingereza, hutaka Fasihi au ile ya mseto. Lugha peke yake haitoshi. Shahada ya sheria haidai hata moja. Zuhura anasema anataka kuwatibu watoto wenye matatizo ya usemi, na kwa hilo ile sehemu ya watoto wanavyojifunza kusema ingemfaa sana, ingawa biolojia ndiyo aiulizie kwanza chuo kwa chuo.

Kwa hiyo ni Lugha. Hapana, sijasema. Mtoto huyuhuyu juzi nilimkuta saa saba usiku na riwaya chini ya blanketi, na mwezi mzima ana hasira na mume wa kwenye kitabu kana kwamba ni shemeji yake. Mtu wa namna hiyo utamnyima Fasihi kwa sababu gani? Ningekuwa mimi wa miaka kumi na sita ningejua la kufanya, lakini nikilitamka atalifuata kwa kuniogopa, na Februari akichoka atasema Mama ndiye aliyenichagulia.

Mpigie Jumamosi. Mwambie afanye yale maswali mawili ya dakika 45, na aulize siku ya usajili mwisho wa kuhama kozi ni wiki ya ngapi, kwa kawaida huwa mapema, kabla darasa halijaenda mbali. Uchunguzi wako upo kwenye bahasha ya kaki kabatini kwangu, pamoja na zile dakika tano za Bibi. Ataupata, lakini baada ya Jumatano.

Nisalimie mkwe wangu.

Mama yako