Vipaji Vilivyolimbikizwa Vina Uzito Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, je, timu za vyuo vikuu za futiboli ya Kimarekani zaweza kulinganishwa kwa vipaji vilivyosajiliwa miaka kadhaa badala ya mwaka mmoja?

JIBU: Zaweza, na kwa maoni yangu ndiyo njia ya haki zaidi, kwa kuwa kikosi hujengwa kwa misimu minne au mitano, ilhali orodha ya mwaka mmoja haiwahesabu wakongwe. Hujumlishwa alama ambazo kila mchezaji aliyemo kikosini alipewa na wachambuzi wa usajili akiwa sekondari. Kasoro ni kwamba alama hizo hazipandi hata kijana akikomaa. TCU (Chuo Kikuu cha Texas Christian), isiyo kigogo wa usajili, ilifika fainali ya kitaifa ya vyuo ya msimu wa 2022. Huko, hata hivyo, timu ya Chuo Kikuu cha Georgia iliyosheheni vipaji iliichapa 65–7.