Wakili wa orodha ya benki unaponunua nyumba kwa mkopo Dar: namna ya kumchagua na kazi inavyokwenda

Mkuu, nikifupisha ulichouliza: benki imekubali kukukopesha ununue nyumba Tegeta, imekupa orodha ya mawakili uchague mmoja, wakili wako wa siku zote hayumo humo, na muuzaji bado anadaiwa na benki nyingine iliyoshika hati. Unataka kujua umchague nani na nani ashike nini.

Lianze lile ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Wakili wa orodha ni wakili wa benki. Ada unalipa wewe, lakini mteja wake ni benki, na kazi yake ni kuhakikisha rehani inasajiliwa, inakaa namba moja (haitanguliwi na deni jingine), na hakuna atakayeibuka kesho kuipinga. Kama mkataba wa mauziano unakukaba koo, au una siku chache mno za kumaliza malipo, hilo si jukumu lake. Kwa hiyo usimwache wakili wako. Mpe mkataba wa mauziano na ukaguzi wa muuzaji, huyu wa orodha abaki na rehani na usajili. Utalipa ada mbili, ndiyo, ila ile ya wakili wako ni ndogo kwa sababu kazi yake inaishia kwenye mkataba na kusimamia transfa, yaani uhamisho wa umiliki. Baadhi ya benki hukubali wakili wa nje ya orodha ukiomba kwa maandishi. Zitataka cheti chake cha kufanyia kazi cha mwaka huu, bima ya uwajibikaji wa kitaaluma na maelezo ya kazi za rehani alizowahi kufanya. Ombi hilo lina foleni yake. Kama barua ya ofa ya mkopo imebakiza wiki chache kuisha muda, usijaribu.

Kuchagua ndani ya orodha: kwanza ingia e-Wakili, mfumo wa Mahakama, utafute jina lake. Cheti cha wakili kinahuishwa kila mwaka, na mwanzoni mwa mwaka utakuta wazuri tu ambao bado hawajahuisha. Hati iliyoandaliwa na mtu asiye na cheti hai ni mlango wa pingamizi, na benki ikigundua itarudisha faili mwanzo. Pia angalia kama jina na anwani ya aliyeandaa vimeandikwa kwenye kila hati, kwani kifungu cha 44 cha Sheria ya Mawakili kinataka hivyo na Msajili wa Hati anaweza kuikataa hati vikikosekana.

Baada ya hapo piga simu kwa watatu au wanne, na usianze na bei. Uliza: nani hasa atashika faili langu, na karani gani anafuatilia ofisi ya ardhi? Ofisi nyingi zina jina kubwa mlangoni na karani mmoja anayekimbia na faili nyingi za benki kadhaa. Uliza pia kama wamewahi kufanya kazi ambayo muuzaji ana rehani benki nyingine, na wakueleze mpangilio wa hatua. Akibabaika hapo, mshukuru ukate simu. Bei iombe kwa maandishi, imegawanywa: ada yake, VAT kama amesajiliwa, halafu gharama za serikali kila moja peke yake. Ukipewa jumla moja ya "kila kitu", hutajua siku ya mwisho ni nini kimeongezwa. Na wakili uliyeletewa na dalali, hata kama yumo kwenye orodha, mimi simpendi. Dalali anataka mauzo yafungwe haraka, wewe unataka yafungwe salama.

Sasa upekuzi, yaani kuangalia kumbukumbu za hati kwa Msajili. Taarifa ya Msajili wa Hati isome mwenyewe, usiridhike na "iko safi". Angalia jina la mmiliki herufi kwa herufi, namba ya hati, kiwanja na kitalu, muda wa miaka na tarehe ulipoanza (hati za miaka 33, 66 na 99 ni vitu tofauti, na benki itapiga hesabu ya miaka iliyobaki dhidi ya muda wa mkopo), kisha sehemu ya vizuizi: rehani, kaveati (zuio la mtu anayedai haki kwenye nyumba), amri ya mahakama. Upekuzi unasema hali ya siku ile tu. Wakili mzuri hufanya wa pili kabla fedha hazijatoka, na hilo liwe sharti la maandishi.

Upekuzi hauoni ardhi yenyewe. Hauwezi kukuambia kama bikoni (jiwe la mpaka) imehamishwa, wala kama ukuta umeingia hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 inachukua mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mkoa, na Sheria ya Mazingira ya 2004 ina mita 60 za kingo za bahari na mito. Huku kwetu Tegeta, Mbezi Beach na bonde la Msimbazi hayo si maneno ya vitabuni. Mlipe mpima akasome namba za bikoni na kulinganisha na ramani ya upimaji. Wakili hafanyi hilo, na hakuna atakayekukumbusha.

Majina ndiyo yanayokwamisha faili nyingi kuliko kitu kingine. Hati inasoma majina mawili, kitambulisho cha NIDA kina matatu, TIN (namba ya mlipakodi) ina herufi ya kwanza tu. Ofisi ya ardhi inasimama hapo. Suluhisho ni kiapo cha majina, au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kama tofauti ni kubwa, na viandaliwe wiki ya kwanza. Kama muuzaji anauza nyumba ya marehemu, barua ya usimamizi wa mirathi haitoshi peke yake: hati lazima kwanza isajiliwe kwa jina lake kama msimamizi, ndipo auze. Hiyo ni transfa mbili, na muda wake ni mara mbili.

Ridhaa ya mwenza iko pande mbili. Kwa muuzaji, nyumba ya ndoa haiuzwi bila mwenzake kuridhia, Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi, na kama ana wake wawili wote wanahusika. Kwako, rehani ya nyumba ya ndoa haina nguvu bila ridhaa ya mwenza wako chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi, na benki ina wajibu wa kuchukua hatua kujiridhisha. Anayesema hana ndoa aape. Mwenza asaini mbele ya wakili, akiwa na kitambulisho na picha. Karatasi isipelekwe nyumbani ikarudi imesainiwa. Mashauri ya kupinga minada yamejaa hoja hii.

Kuhusu bei: muuzaji atakuomba muandike pungufu ili kodi ishuke. Kataa, na sababu si uadilifu pekee. Nyumba ni milioni 200, benki yako inatoa asilimia 80, mkiandika milioni 120 mkopo wako unakuwa milioni 96 badala ya 160, kwa sababu benki inachukua bei ya mkataba au thamani ya mthamini, ile iliyo ndogo. Halafu mthamini wa serikali anaipandisha thamani na kodi inatozwa kwa hiyo. Umepoteza huku na kule.

Kodi yenyewe: ushuru wa stempu ni asilimia 1 na kawaida analipa mnunuzi, kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Andikeni kwenye mkataba nani analipa kipi, maana TRA isipolipwa hakuna usajili, na wauzaji wengi hushtuka katikati ya safari wakidai "tulikubaliana nilipwe mkononi bei kamili". Stempu ina siku 30 tangu kusaini, kisha faini. Kwa hiyo msisaini Fomu Na. 35 ya uhamisho kabla pesa ya kodi haijawa tayari. Fomu Na. 29 na 30, ya taarifa na ya maombi ya kibali cha uhamisho, zinatangulia, na kodi ya pango la ardhi lazima iwe imelipwa hadi mwaka huu.

Tufike kwenye rehani ya muuzaji, ndipo penye ugumu wa swali lako. Benki ya muuzaji haiachii hati mpaka ilipwe. Benki yako haitoi fedha mpaka iwe na hati. Fundo hilo hufunguliwa kwa barua ya ahadi. Muuzaji anaomba kwa benki yake taarifa ya deni lililobaki, yenye tarehe ya mwisho na riba ya kila siku. Benki yako inaiandikia ile benki kwamba italipa kiasi hicho moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo. Ile nayo inaahidi kwamba ikipokea, itakabidhi hati halisi na hati ya kuondoa rehani kwa wakili wa benki yako, si kwa muuzaji. Kisha vinaingia kwa Msajili kwa mfuatano huu: kuondoa rehani ya zamani, uhamisho kwako, rehani mpya. Ukivuruga mfuatano, kimoja kinarudishwa na vyote vinasubiri. Salio la muuzaji linatoka baada ya usajili. Akilia njaa kabla ya hapo, malipo ya awali, tuseme asilimia 10, yakae akaunti ya wateja ya wakili, na isiguswe bila sahihi za pande zote.

Kwa mpangilio huo, mkataba wa siku 30 ni mtego. Weka siku 90, na kifungu kinachosema ucheleweshaji wa ofisi ya ardhi au TRA unasogeza tarehe bila mnunuzi kupoteza malipo ya awali. Hapa ndipo wakili wako anapofanya kazi yake, kwa sababu yule wa orodha hataandika kifungu hicho kwa niaba yako.

Kwenye ufuatiliaji, usiulize "imefika wapi?" Omba stakabadhi ya serikali ya kila hatua na tarehe faili lilipopokelewa. Jibu la "iko kwa Kamishna wa Ardhi" bila stakabadhi mara nyingi maana yake bado iko mezani kwa karani. Kama kuna swali limetoka ofisi ya ardhi, omba nakala ya swali lenyewe. Nusu ya maswali hayo ni kitu ambacho wewe au muuzaji mngekileta siku hiyohiyo.

Rehani ikishasajiliwa hati halisi inabaki benki. Chukua nakala zilizothibitishwa za hati yenye jina lako, mkataba wa rehani, na upekuzi mpya unaoonyesha wewe ni mmiliki na rehani ya zamani haipo tena. Stakabadhi za bei, stempu na ada zitunze kwenye faili moja, kwani ukija kuuza hizo ndizo gharama zinazopunguzwa kwenye hesabu ya faida, na asiye na kumbukumbu anatozwa asilimia 3 ya bei au thamani yote, ile iliyo kubwa.