Maswali ya Wasomaji: Torati, Unajisi na Afya ya Jamii

Mchungaji wetu hufundisha kwamba Musa aliwajua vijidudu maelfu ya miaka kabla ya wanasayansi. Je, ni kweli?

Sikubaliani naye, na hoja yangu naitoa katika Torati yenyewe. Mambo ya Walawi 14 inaeleza habari za nyumba ambayo kuta zake zimeota madoa ya kijani au mekundu. Kabla kuhani hajaingia kuikagua, huamuru kila kilichomo kitolewe nje, ili kisije kikahesabiwa kuwa najisi pamoja na nyumba. Mikeka, mitungi na nguo, vilivyolala usiku kucha kando ya ukuta huo, hubaki safi kwa sababu tu vilitoka kabla ya kauli ya kuhani. Kijidudu hakingoji kauli ya mtu. Unajisi ulikuwa hali iliyomzuia mtu kuyakaribia matakatifu, na si lazima awe mgonjwa. Hata hivyo, amri inayofuata, ya kung'oa mawe yenye madoa, kukwangua lipu na kuitupa nje ya mji, fundi yeyote anayepambana na kuvu ataielewa.

Je, kumtenga mwenye ukoma ndiko asili ya karantini?

Utaratibu unafanana: katika Mambo ya Walawi 13 kuhani alimfungia mtu siku saba, akamtazama tena, na alipokuwa na shaka akamwongezea saba nyingine. Lakini neno la Kiebrania linalofasiriwa "ukoma" lilihusu maradhi mengi ya ngozi, na hata madoa ya nguo na kuta. Tena aliyegeuka mweupe mwili mzima alitangazwa kuwa safi. Karantini tuijuayo ilianzia bandarini: mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliwaamuru waliotoka penye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia.

Nisingependa mtu aitumie sura hiyo kumfukuza jirani yake. Kimelea cha ukoma kiligunduliwa na Hansen wa Norwei mwaka 1873, ugonjwa unatibika kwa dawa mseto ambazo Shirika la Afya Duniani limekuwa likizigawa bure tangu 1995, na mgonjwa aliyeanza dawa huacha kuambukiza mapema. Kumpigia kelele kwamba ni najisi kutamfanya afiche baka lake hadi vidole viharibike.

Nguruwe alikatazwa kwa sababu ya minyoo?

Torati haisemi hivyo. Inasema ana kwato zilizopasuka lakini hacheui. Ngamia, sungura na wibari walikatazwa pia, ilhali ng'ombe na mbuzi, wanaoweza kuleta kimeta, waliruhusiwa. Minyoo ya trikinela, ambayo mtu huweza kuipata katika nyama ya nguruwe, iligunduliwa katika misuli huko London mwaka 1835 tu. Nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri ina hatari ya kweli, lakini hilo ni jambo jingine.

Ni sheria gani ambayo bwana afya angeipokea leo?

Kumbukumbu la Torati 23. Askari alitakiwa kubeba kifaa cha kuchimbia pamoja na silaha zake, atoke nje ya kambi, achimbe, kisha afukie kinyesi chake. Sababu iliyotolewa ni kwamba Mungu hutembea katikati ya kambi. Faida yake nyingine ni kwamba nzi hakipati kinyesi kilichofukiwa akakihamishia kwenye chakula. Kina cha shimo na umbali wake kutoka kisimani havikutajwa, kwa hiyo hayo mawili mwulize bwana afya wa kata yako kabla hujaanza kuchimba.