Mbona mafuta yameganda penye njia panda tu?

SWALI: Dokta shikamoo. Mzee wangu kapigwa ultrasaundi ya shingo, wanasema mshipa una mafuta pale unapogawanyika tu, kwengine safi. Mbona hapo, na damu si ileile? – Msomaji, Pongwe, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, mpe pole mzee. Damu ileile, mwendo wake ndo sio mmoja. Kautazame Mto Zigi unapokata kona, upande wa kasi ukingo unasuguliwa, upande maji yanapozubaa ndo tope linakaa. Ila mshipa una uhai, seli za ukuta wa ndani zinahisi ule msuguo, ukifika kama 1.5 kwa paskali (kipimo cha nguvu ya msuguo huo) kwenda juu zinajilaza kufuata mkondo na kutoa naitriki oksaidi inayolegeza mshipa, ukishuka chini ya 0.4 na damu inaenda inarudi, zinavurugika zinapitisha mafuta. Pale shingoni mshipa wa kwenda kwenye ubongo umetuna kidogo mwanzoni, ukuta wake wa nje ndo unakosa msuguo. Lakini jamani sigara, presha na sukari ndo zinachochea, kona inachagua mahali tu. Dawa asiache, na mkono ukilegea ghafla au mdomo ukipinda, dalili za kiharusi hizo, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo hata kama baadae amekaa sawa.