Usisaini siku ya tatu: niliyojifunza baada ya mdogo wangu kuumia kichwa

Siku ya tatu baada ya ajali, mwenye pikapu alikuja nyumbani kwetu Magomeni, Mtwara, na mfuko wa machungwa, shilingi laki tatu, na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono. Mdogo wangu alikuwa amekaa barazani, bandeji kichwani, anataniana na wapita njia. Akaichukua karatasi, akaisoma kwa sauti bila kukwama hata neno moja: kwamba amepokea fedha hizo, hana dai lolote, sasa wala baadaye. Kisha akaomba kalamu.

Mimi nikasema kalamu imeisha wino. Ilikuwa uongo, kalamu nzima ilikuwa mfukoni mwangu. Asubuhi ile alikuwa ameniuliza mara nne kama korosho zetu zimeshapelekwa ghalani. Mara zote nilimjibu, na mara zote aliitikia "Ahaa, kumbe," kama mtu anayesikia habari mpya.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa huku Kusini, maana kila msimu wa korosho pesa zikiingia na pikipiki nazo zinaongezeka barabarani, na vichwa vinaumia. Mimi si daktari wala wakili. Ni mwalimu wa shule ya msingi niliyeuguza.

Ajali yenyewe ilikuwa jioni ya Oktoba, barabara ya Naliendele. Pikapu ilitaka kulipita lori, ikamkuta yeye anakuja na pikipiki. Kofia ngumu alikuwa nayo, tena nzuri, imening'inia kwenye usukani kwa sababu ya joto. Wasamaria wema wakampakia mshikaki: dereva mbele, yeye katikati, mwingine nyuma amemkumbatia, shingo inayumba huku na huku hadi kituo cha afya. Siwalaumu, nawashukuru mpaka kesho. Ila mtu aliyeumia kichwa huenda ameumia na shingo, na ile safari ingeweza kumlemaza. Tafuteni bajaji, kirikuu, gari lolote ambalo atalala, mmoja ashike kichwa kikae sawa na mwili.

Tulipofika tuliulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kabla ya kuulizwa jina. Kaka yetu akakimbilia polisi, na karibu saa nzima ikapita mgonjwa yuko kwenye benchi. Baadaye nikaelezwa na watu wanaojua kazi yao kwamba mgonjwa wa dharura anahudumiwa kwanza, fomu inafuata. Kwa hiyo mgawane: mmoja abaki na mgonjwa aseme kwa adabu lakini bila kuondoka, "Daktari, amepoteza fahamu, ahudumiwe kwanza, mwenzetu yuko polisi." PF3 ni lazima muipate, na mapema, kwa sababu ndiyo karatasi inayounganisha jeraha na ajali. Andikeni namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi. Muulizeni na jina la askari mpelelezi. Pigeni picha namba ya gari na stika ya bima, maana siku hizi mtu akiwa na namba ya gari anaweza kuangalia kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mamlaka ya kusimamia bima (TIRA), kama bima ni hai na ni ya kampuni gani. Mimi niliangalia usiku ule ule, nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nje ya wodi.

Hospitalini kuna kitu kidogo nilichokiona kwenye faili nikakidharau: GCS 13/15. Ni kipimo cha fahamu kilichotungwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1974 na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett. Wanaangalia mambo matatu: macho yanafunguka vipi, mgonjwa anajibu nini, viungo vinatii vipi. Mzima kabisa anapata 15, wa chini kabisa 3. Kuanzia 13 hadi 15 huitwa jeraha jepesi, 8 kushuka chini ni kali. Neno "jepesi" lilitupumbaza. Ni jepesi kwa maana ya saa zile za mwanzo tu, halisemi chochote kuhusu mtu atakavyokuwa Krismasi.

Tuliruhusiwa kesho yake, tukaambiwa tumwangalie. Hakuna aliyetuambia tuangalie nini, basi mimi nawaambia: kutapika mara kwa mara, kichwa kuuma kinachozidi badala ya kupungua, usingizi mzito usioamshika, degedege, maneno kuchanganyika, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko nyingine, maji au damu kutoka puani au masikioni, mkono au mguu kulegea. Likitokea hata moja, rudini usiku huo huo, msingoje kukuche. Maumivu apewe panadol. Diklofenaki na aspirini, ambazo huku tunanunua dukani kama pipi, zinaweza kuongeza kuvuja damu. Pombe asiguse. Na dawa za usingizi msimpe, mtashindwa kujua kama amelala au amezimia.

Siku ya 11 mdogo wangu alitapika chai ya asubuhi, akalala, tukamwamsha kwa tabu. Bibi akasema ni mashetani, apelekwe kwa fundi kwanza. Mama akakaa kimya, na kwa mara ya kwanza maishani nilimpandishia sauti bibi yangu mzaa mama. (Nilishamwomba radhi. Anasema amesamehe, ila analikumbusha kila Idi.) Tulikwenda hospitali ya Kanda pale Mitengo, akapigwa CT Scan: damu ilikuwa inakusanyika taratibu kati ya fuvu na ubongo. Inaweza kuchukua siku, hata wiki kadhaa, kabla ya kujionyesha. Akapewa rufaa kwenda MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, Dar es Salaam. Zaidi ya kilomita 550, usiku, na mimi nahesabu: Lindi, Nangurukuru, Somanga, daraja la Mkapa. Walitoboa fuvu, wakatoa damu, akapona.

Nimesema akapona. Ndivyo kila mtu alivyosema. Ile laki tatu, kama angeipokea, isingetosha hata wiki mbili za sisi wauguzaji kula na kupanda daladala Dar es Salaam.

Aliporudi nyumbani ndipo tulipoanza kumjua mtu mwingine. Mdogo wangu alikuwa mpole, mcheshi, ila sasa mlango ukigongwa anafoka. Taa inamuumiza macho. Akianza kazi mbili kwa pamoja anaacha zote. Siku moja nilirudi shule nikamkuta anakula samaki wa juzi, wamechacha hadi nzi wanaogopa, naye anatafuna kwa utulivu. Kumbe pua imekufa. Mishipa ya kunusa ni myembamba, kichwa kikitikiswa inaweza kukatika. Tangu hapo gesi ya jikoni hawashi peke yake, na samaki nanusa mimi kwanza. Akapigiwa simu na matapeli wa "ile pesa itume kwenye namba hii", akatuma laki moja na themanini, mtu ambaye zamani alikuwa akiwacheka wanaotapeliwa.

Mtaani wakasema amekuwa jeuri kwa sababu anasubiri fidia. Mkewe akasema ameacha kumpenda. Hakuna aliyesema ubongo umeumia, kwa kuwa kovu lenyewe lilishafunikwa na nywele.

Hapo ndipo daftari lilipoanza. Kaunta buku la kawaida, kwire mbili. Kila siku mstari mmoja au miwili: tarehe, alichosahau, alichofanya, kichwa kimeuma saa ngapi, dawa ametumia au hajatumia, risiti ya shilingi ngapi. Niliandika ili nisichanganyikiwe mimi mwenyewe. Wakili alipoliona alilifungua, akasoma kurasa tatu akiwa amesimama, halafu ndiyo akavuta kiti. Daktari naye alilisoma. Kwake mgonjwa alikuwa anajibu "Naendelea vizuri, daktari," kwa heshima zote, kila kliniki. Daftari ndilo lililosema ukweli. Msimwache mgonjwa wa kichwa aende kliniki peke yake, atajisifia. Na dawa za degedege zisikatishwe ghafla eti kwa sababu hajaanguka mwezi mzima. Wala asirudi kwenye pikipiki mpaka daktari aruhusu. Kwa hili la pikipiki tuligombana mno, kwani ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba.

Sasa sheria. Sisi tulidhani dereva akihukumiwa mahakamani basi tumelipwa. Dereva alikiri kosa la trafiki, akatozwa faini, akalipa, akaondoka. Mama akaniuliza, "Sasa hiyo faini tunakwenda kuichukua wapi?" Faini ni ya serikali, mama. Kesi ya trafiki ni ya Jamhuri na dereva. Fidia ni madai mengine, na lazima muyafungue wenyewe. Ila ile hukumu msiiache, ombeni nakala yake, pamoja na ramani ya ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari, kwa kuwa ndizo zinazothibitisha nani alikosea.

Kila gari linalotembea barabarani sheria inalilazimisha kuwa na bima ya kuwafidia watu wengine. Kwa hiyo mnapomdai mwenye pikapu, nyuma yake kuna kampuni ya bima, na mwenye pikapu wetu, maskini, hata yeye alikuwa hajui. Alidhani laki tatu zinatoka mfukoni mwake na ndiyo maana alikimbilia kumaliza kiungwana. Kampuni iandikiwe barua mapema, nakala mbaki nayo imegongwa mhuri wa kupokelewa. Ikizungusha, kuna TIRA, na kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Panapouma ni hapa. Daktari anasema subiri. Ubongo hupona kwa kasi zaidi miezi 6 ya mwanzo, halafu pole pole hadi mwaka wa pili, kwa hiyo asilimia ya ulemavu wa kudumu haipimwi kwa haraka. Sheria nayo haisubiri: madai ya aina hii yana ukomo wa miaka 3. Kuna nafuu kwa mtoto au mtu ambaye akili zake haziko sawa, lakini mimi nisingeweka kichwa changu juu ya nafuu ambayo lazima kwanza ubishane nayo mahakamani. Sisi tulichofanya ni kumwona wakili mwezi wa tatu baada ya ajali, tukakusanya karatasi mwaka mzima, tukapimiwa asilimia baada ya mwaka na nusu, tukafungua madai tukiwa bado na muda. Asiye na uwezo wa wakili aulize ofisi ya ustawi wa jamii wilayani kuhusu wasaidizi wa kisheria. Wapo tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na huduma yao kwa wasio na uwezo ni bure. Na aliyeumia akiwa kazini kwa mwajiri, hata utingo aliyeanguka juu ya lori la korosho, mwajiri anatakiwa atoe taarifa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Huyo asikubali kuambiwa "wewe ni kibarua tu."

Kabla ya yote hayo, lilikuwepo swali la nani anasaini. Huku kwetu mambo ya ukoo ni ya wajomba. Mjomba mkubwa alikuja kutoka Newala, tukamwamkia, akaweka kikao, akasema yeye ndiye atakayesimamia fedha na pia korosho za mgonjwa. Mke akalia. Mjomba si mtu mbaya, alikuwa anafanya walichofanya wajomba zake. Lakini malipo ya korosho yanaingia kwenye akaunti ya benki yenye jina la mkulima, na benki haitambui kikao. Wakazuka wa kusema tumwekee dole gumba kwenye hati ya uwakilishi angali wodini. Wakili akatushtua: hati hiyo hutolewa na mtu mwenye akili timamu anayeelewa anachotoa, sawa na mkataba wowote. Kumshika mgonjwa kidole ni kujitafutia kesi, tena na ndugu zako. Aliyepoteza uwezo kabisa, mahakama ndiyo humteulia msimamizi wa mali zake kwa kuzingatia taarifa ya daktari. Wetu alikuwa katikati, ana siku nzuri na siku mbaya. Tukasubiri siku nzuri, daktari akaandika kwamba anaelewa, akatoa uwakilishi kwa mkewe na mjomba kwa pamoja, wasaini wote wawili. Mjomba alinuna miezi miwili, kisha akatuletea mihogo.

Ni hoja hiyo hiyo ndiyo ingetusaidia kama angesaini ile karatasi ya barazani. Tungeweza kubisha kwamba siku ile akili yake haikuwa timamu. Ila tungebisha dhidi ya majirani wote waliomsikia akisoma bila kukwama, na wakili alituambia wazi kwamba hilo lingekula mwaka mwingine.

Mwenye pikapu bado tunasalimiana. Alikuja msibani kwetu mwaka jana akabeba maji. Madai yanaendelea, yatatajwa tena mwezi ujao, na tarehe iko kwenye daftari langu. Mdogo wangu naye siku hizi ana lake, dogo la mfukoni, mtaalamu wa tiba kwa vitendo ndiye aliyemfundisha. Juzi lilidondoka nikaliokota. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa: NIMEOA. WATOTO WAWILI. USITUME PESA. Chini yake, kwa kalamu nyingine: muulize dada kama tumeshauza korosho.